Namna Nyemo Alivyokuwa Akianguka

Siku hiyo sebuleni kwangu Miyuji tulikuwa watu watano, na nitawataja wote, maana mimi sipendi habari ambayo watu wake hawajulikani wametokea wapi. Nilikuwepo mimi mwenyewe, kwenye kiti changu cha kamba karibu na mlango. Alikuwepo mjukuu wangu Sechelela, binti wa mwanangu Yohana, anayesoma chuo na kulala kwangu. Alikuwepo mdogo wake, Neema, wa darasa la sita, aliyekuja Jumamosi kunitembelea mimi, akafika akaitembelea simu ya dada yake. Alikuwepo jirani yangu Mama Zuhura, Mrangi wa Kondoa. Tumepakana ukuta miaka mingi, hata nikikohoa usiku asubuhi ananiuliza kikohozi kimeamkaje. Na kwenye mkeka alikuwepo mjukuu wa Mama Zuhura, Swaumu, mtoto wa miezi tisa, ambaye hajaanza kusema hata "mama".

Hao ndio waliokuwepo. Paka sikumhesabu.

Simu ilikuwa inaonyesha mtu anayegombana na kiti cha kukunja. Ndiyo habari yote. Mtu anataka kukaa, kiti hakitaki akae. Akikifungua huku, kinajifunga kule. Hasemi neno. Hakuna anayemsemea. Mimi miwani yangu ilikuwa chumbani, lakini yule mtu nilimwona vizuri, maana mtu wa namna ile haonwi kwa miwani. Nikacheka. Nilikuwa nimeshamaliza kucheka ndipo akaanguka, na watoto nao wakaanza kucheka kwao.

Neema akanigeukia. "Bibi, kumbe umeshaiona hii?"

"Sijaiona."

"Sasa umejuaje kama ataanguka?"

"Goti lake. Goti lilikuwa limeshakubali, yeye mwenyewe ndiye alikuwa bado."

Mama Zuhura akasema, "Mwacheni Mgogo huyo. Ana macho ya kuamia ndege." Alikuwa ananitania tu, lakini aligusa pale pale. Na Swaumu kwenye mkeka alikuwa anacheka mpaka anapaliwa. Nikamtazama. Mtoto asiyejua neno hata moja la Kiswahili, la Kirangi wala la Kigogo, anacheka mahali pale pale ninapocheka mimi mwenye miaka yangu sabini na kitu. Nikasema moyoni, hili jambo nililiuliza zamani na sikujibiwa.

Halafu likatokea la pili. Sechelela aliinuka kwenda kuangalia chai jikoni. Pale mlangoni pana kizingiti kimebanduka kidogo, kidole chake kikakigonga, akayumba. Mtu mwingine angesema "aah" akaendelea. Sechelela alisimama, akageuka polepole, akakitazama kile kizingiti kama mtu aliyesikia ametukanwa nyuma ya mgongo na anataka kujua aliyetukana ni nani. Akakitazama kwa heshima kabisa. Halafu ndipo akaenda jikoni.

Mimi nikaganda kwenye kiti. Ule haukuwa mgeuko wa Sechelela. Ule ulikuwa wa dada yangu Nyemo, na Sechelela alipozaliwa Nyemo alikuwa ameshazikwa.

Sasa ngoja nikuambie, wewe unayesoma, kama tumekaa pamoja tunachambua mlenda.

Sisi tulizaliwa Haneti. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ile ya paa la udongo lililolala, na juu ya paa mama alikuwa anaanika karanga na maboga. Baba yetu alikuwa Lungwa, mama Elizabeti. Tulikuwa watoto watatu waliobaki hai: kaka Andrea, kisha Nyemo, kisha mimi. Nyemo alinitangulia kwa mvua nne. Alipokuwa ananyonya alipata homa kali, akapona, lakini masikio hayakupona. Hakusikia, na kwa kuwa hakusikia hakusema. Siku zile hakuna aliyepima wala kuuliza. Watu walisema bubu, na wakishasema bubu wanaongeza kwamba hana akili, kama vile ni ugonjwa mmoja.

Baba hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Ila baba alikuwa mtu wa maneno. Kukiwa na posa ya mtu, wanamwita baba akaseme. Ng'ombe wakila shamba la mtu, baba ndiye anayekwenda kusema mpaka wenye shamba wanamkaribisha maziwa. Alitushika sisi wote kwa maneno: kutusifu kwa maneno, kutuchapa kwa maneno. Sasa Nyemo, baba hakujua amshike wapi. Alikuwa anampita uani kama anavyopita kinu.

Mtama ukianza kukomaa, kazi ya watoto Haneti ilikuwa moja tu, kuamia ndege. Wale ndege wadogo, kweleakwelea, wanakuja kama moshi. Wakitua kwenye shamba mara tatu, wewe mwaka huo unakula mizizi. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na madungu, vichanja vya miti vilivyoinuliwa juu ya mabua, na juu ya kila dungu mtoto mwenye kombeo, debe bovu na koo lake. Tulikuwa tunapanda kabla jua halijatoka. Baridi ile ya asubuhi, umande kwenye majani ya mtama unakulowesha mpaka kiunoni. Kisha unapiga kelele mpaka jioni. Mchana mama anatuletea ugali wa uwele uliofungwa kwenye kitambaa na mlenda ndani ya kibakuli, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Wakati mwingine tunavunja bua tamu tunatafuna. Wiki ya pili sauti zimekauka, tunaongea kama mabata. Mama anatupa maji ya moto yenye chumvi.

Nyemo hakuwa na kelele ya kupiga. Baba akampa kona ya shamba iliyo upande wa majabali, kona mbaya kuliko zote, maana ndege walikuwa wanalala kwenye miiba nyuma ya yale majabali na wakiamka wanaanzia pale. Hata dungu hakujengewa. Kwa maneno mengine ile kona ilikuwa imeshatolewa sadaka. Aliwekwa pale ili naye awe na mahali pa kuwa.

Dungu langu lilikuwa la jirani, kwa hiyo mimi nilimwona. Na upande wa pili wa mpaka alikuwepo Raheli, binti wa Chidosa, kwenye dungu la kwao, naye alimwona. Nawataja mashahidi.

Nyemo alikuwa anafanya hivi. Anasimama katikati ya mtama, mkono mmoja ameushikisha kichwani juu ya kitambaa chake, kama mtu anayezuia kisipeperushwe, na mkono mwingine nyuma mgongoni, umeshika kombeo lisilo na jiwe. Anasimama hivyo, kimya. Ndege wanakuja, wanazunguka, wanamwona amesimama kama mti, wanatua. Anawaacha. Wanaanza kula. Halafu Nyemo anaanza kutembea, magoti juu, kama mwizi wa kuku, hatua moja, hatua ya pili. Ya tatu anajikwaa. Hajajikwaa kwenye kitu, pale chini hapana kitu. Anajikwaa kwenye hewa. Anayumba huku, anayumba kule, mikono inakwenda kila upande, anaanguka kama gunia, wuuu, ndege wote juu! Sisi kwenye madungu tunacheka mpaka debe linatuponyoka. Na yeye akishainuka anageuka polepole, anapatazama pale chini pasipo na kitu, kwa heshima kabisa, kama anauliza: ni wewe?

Na hakurudia kuanguka kwa namna ile ile. Leo anaanguka kwa mgongo, kesho anazunguka kwanza, kesho kutwa hamna kuanguka, anapiga chafya isiyo na sauti na mwili mzima unaruka. Ndege wanazoea kelele, ndugu yangu. Sisi tulipiga madebe mpaka wakawa wanakula huku wanatusikiliza. Lakini hawawezi kumzoea mtu ambaye haijulikani atafanya nini sasa hivi.

Watu wazima hawakuyaona hayo. Kuamia ilikuwa kazi ya watoto, na mtu mzima anakuja shambani siku ya kuvuna.

Mwaka huo ninaousema, mtama ukiwa karibu kuvunwa, nilimsikia baba akimwambia mama kwamba mavuno yakiisha Nyemo anakwenda Hombolo kwa shangazi Damari. Shangazi Damari alikuwa dada yake baba. Alikuwa hana binti, ana mbuzi wengi na jiwe la kusagia kubwa kuliko mlango. Tulijua maana yake. Nyemo angesaga kule mpaka azeeke, na hakuna mtu kule ambaye alijua kwamba akiinua nyusi moja anasema maji yamechemka, na akiinua zote mbili anasema wewe mwongo.

Nikamfuata baba kwenye zizi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na mtoto wa kike kumhoji baba halikuwa jambo la kawaida.

"Baba, kwa nini Nyemo?"

"Kule kuna kazi ya mikono. Hapa atakaa na nani?"

"Atakaa na mimi."

"Wewe utaolewa." Akafunga mlango wa zizi. "Mtoto huwezi kumwambia hata kwamba mvua inakuja. Unamfanyaje?"

Usiku nilimshika Nyemo mkono tukiwa tumelala, naye akanifinya mara mbili, ishara yetu ya kuuliza kuna nini, nami sikujua nimwambieje Hombolo kwa vidole.

Siku chache baadaye likaja gari la sinema. Wazee wenzangu mnayakumbuka magari yale. Yalikuwa yanazunguka vijijini yanaonyesha sinema za bure, za kuchimba choo na kuchemsha maji, na mwishoni wanatia kichekesho ili watu wasikimbie. Lilikuja mchana na vumbi lake na kipaza sauti, na bwana aliyekuwa anasema humo ndani alikuwa anaitwa Salimu. Nalijua jina lake kwa sababu alijitaja mara nyingi kuliko alivyoitaja sinema. Walifunga shuka kubwa jeupe kwenye nguzo mbili uwanjani karibu na zahanati, wakangoja jua lizame.

Baba akasema twende sote, Nyemo abaki na mbuzi. "Ataona nini kule? Mambo yenyewe ni ya kusemwa."

Mama yetu hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa anapepeta, na hakuacha kupepeta. Akasema, "Mbuzi watafungwa mapema leo. Zizi lina mlango."

Baba akamtazama. Mama akapepeta. Tukaenda sote.

Tulikaa chini, wanaume huku, wanawake kule, watoto mbele. Ikaanza ile ya choo. Maneno, maneno, Salimu anaeleza, watu wanaitikia. Nyemo alitazama kidogo, akapiga miayo, akaniegemea begani akasinzia. Nilimwona baba kule upande wa wanaume akimtazama mama kwa macho ya kusema: si nilikuambia?

Choo kikaisha. Salimu akasema, "Sasa kichekesho. Hiki hakina maneno, msije mkaniuliza amesema nini." Watu wakanung'unika. Sinema haina maneno, kwani imeharibika?

Akatokea mtu mwembamba kwenye lile shuka, mzungu, amevaa koti ambalo mwenyewe bila shaka ni mtu mwingine mnene. Amekaa kwenye benchi mjini, ana mkate, anataka kula. Wakaja njiwa. Mmoja, wawili, kumi. Akawafukuza kwa mkono, wakarudi. Basi yule mtu akasimama. Akashika kofia yake kwa mkono mmoja. Mkono mwingine akauficha na mkate wake nyuma ya mgongo. Akatulia kama mti.

Nikasikia kitu kando ya sikio langu, kama bawaba za mlango mzito. Kumbe Nyemo ameamka, anacheka. Na yule mtu alikuwa hajafanya lolote bado! Amesimama tu. Watu wazima wakageuka kututazama, wengine wakasema shh, bubu huyo anacheka nini. Nyemo akanyoosha kidole, akanipiga paja, na magoti yake mwenyewe pale alipokaa yalikuwa yanapanda kidogo kidogo.

Yule mtu akanyanyua goti. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu akajikwaa hewani.

Raheli binti Chidosa akapiga kelele, "Nyemo! Si Nyemo huyu?" Na watoto wote wa madungu yote, wote waliokuwa wamekauka sauti, wakapata sauti: "Nyemo! Nyemo!" Yule mtu aliinuka na njiwa wote wameruka, mkate umekwisha, akageuka polepole akapatazama pale chini. Nakwambia uwanja ulitetemeka. Watu wazima nao walicheka, ila walikuwa wanamcheka mzungu. Sisi tulikuwa tunamcheka mtu wa kwetu.

Ilipoisha, baba aliinuka akaenda moja kwa moja kwenye gari. Watoto tukamfuata kama kuku.

"Shikamoo mzee," Salimu akasema.

"Marahaba. Mlipita lini shambani kwangu?"

"Shamba lipi, mzee?"

"Watoto wote wanasema mtu wenu huyo anamwiga binti yangu. Mtu anayeingia shamba la mtu anapiga hodi. Nani aliwakaribisha?"

Salimu alidhani ni utani, akacheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha. "Mzee wangu, hii sinema imetoka nje kwa meli. Ina umri kunizidi mimi. Binti yako ana miaka mingapi?"

"Kumi na tatu, kumi na nne."

"Basi yeye ndiye aliyemwiga huyu."

"Kamwonea wapi? Gari lenu hili ndilo la kwanza kufika. Na binti mwenyewe hasikii, hakuna mtu aliyemsimulia."

Hapo Salimu akakuna kichwa. Mtu aliyekuwa na maneno ya kujaza uwanja, akakosa. Na baba, mtu wa maneno wa Haneti nzima, naye akanyamaza. Wakasimama wawili wale, wanatazamana.

Mwisho Salimu akasema, "Mlete nimwone."

Nikamvuta Nyemo mpaka mbele ya ile taa ya mashine. Kivuli chake kikaangukia lile shuka, kikubwa kama nyumba. Alishtuka. Akainua mkono, kivuli kikainua. Akaushusha, kikashusha. Akatugeukia, nyusi zote mbili juu. Halafu akashika kitambaa chake kichwani, mkono mwingine nyuma, na kile kivuli kikubwa kikanyanyua goti.

Sitaieleza zaidi. Wazee waliokuwa wanaondoka walirudi. Mwalimu Stefano wa kanisani, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, nilimwona ameshika mti. Na hakuna aliyesema bubu usiku ule. Walikuwa wanasema, huyu binti wa Lungwa.

Baba peke yake hakucheka. Nilimtazama sana, nikaogopa.

Asubuhi nilipokuwa dunguni nilimwona anakuja kupitia upande wa majabali. Akakaa juu ya jiwe, mbali kidogo na kona ya Nyemo, na Nyemo hakumwona kwa sababu alikuwa amempa mgongo. Ndege wakaja. Nyemo akasimama kama mti. Baba alinyoosha shingo. Nyemo akaenda hatua tatu, akajikwaa, akaanguka, moshi wa ndege ukapanda. Na mabega ya baba yakatikisika. Nilidhani analia. Akashika magoti yake, akainama, mabega yanakwenda, yanakwenda. Alikaa pale mpaka mama alipoleta chakula, na kabla ya kuondoka alipita katikati ya mtama wa ile kona akishika suke moja moja.

Nyumbani alimwambia mama maneno manne: "Kona yake haijaliwa kabisa." Hiyo tu, mtu yule mwenye maneno mengi.

Shangazi Damari alikuja baada ya mavuno na punda wake na kamba za kufungia mizigo. Alikuwa ameshamwandalia Nyemo mahali pa kulala, alisema, karibu na jiwe la kusagia. Baba alimchinjia kuku, wakala, wakaongea habari za ndugu. Asubuhi baba akatoa gunia la mtama, akamfungia shangazi juu ya punda yeye mwenyewe.

"Huu umetoka kona ya Nyemo," akasema. "Mtama utakwenda Hombolo. Nyemo anabaki."

"Kaka, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikiwa sijaona."

Shangazi alikasirika, mvua mbili hakuja kwetu. Lakini mtama aliuchukua.

Tangu hapo baba akaanza kujifunza kusema bila kusema. Alikuwa mgumu kama mwanafunzi mzee. Alianza na nyusi, akawa anakosea, anamwambia Nyemo wewe mwongo wakati anataka maji. Nyemo alikuwa anaanguka chini kwa kucheka, anaanguka kweli, si ya ndege. Na baba akawa anaanguka naye.

Nyemo alikaa Haneti maisha yake yote. Aliolewa na Danieli, mchimba visima, mtu mkimya vilevile ingawa yeye alikuwa anasikia. Hawakupata mtoto. Mimi nilipougua baada ya kumzaa Yohana, Nyemo alimchukua akakaa naye misimu miwili, na Yohana alijifunza kutembea mikononi mwake. Sasa umeelewa? Yohana alijifunza kutembea kwa mtu ambaye kila akijikwaa anageuka kuangalia aliyemkwaza. Alivyorudi kwangu akawa anafanya hivyo, na mimi nikawa sioni ajabu, nilimzoea Nyemo. Na Sechelela akamtazama baba yake. Kizingiti cha Miyuji kinaulizwa swali la Haneti.

Lakini lile swali la Salimu na baba, hilo bado ninalo. Yule wa koti aliupata wapi ule mwendo wa Nyemo? Mwalimu Stefano nilimwuliza zamani, akasema Mungu ametuumba mwili mmoja kwa hiyo tunaanguka namna moja. Sikuridhika, nimewaona watu wengi wakianguka, nami mwenyewe nimeanguka, na hakuna aliyecheka. Sechelela anasema huko chuoni kwao mambo hayo yanasomwa, kwamba mmoja anamwiga mwenzake, na huyo alimwiga aliyemtangulia. Nikamwambia vizuri, wa kwanza kabisa alimwiga nani? Akaniambia, "Bibi, ngoja nikaulize." Mpaka leo anauliza.

Mimi nadhani ni ndege. Nadhani huko kwao pia, kabla ya makoti, kulikuwa na mtu amesimama shambani, na ndege hawajui matusi wala ombi wala amri. Yakikuishia maneno yote ndipo mwili unaingia kazini. Na Swaumu kwenye mkeka anacheka kwa sababu naye maneno bado hana. Mimi nacheka kwa sababu yangu yanaanza kuniaga. Labda nakosea. Lakini nimelifikiria kwa miaka mingi kuliko wao.

Haneti nilikwenda kwa mara ya mwisho kwenye msiba wa kaka Andrea. Tembe yetu imeshakuwa kichuguu. Madungu hayapo, watoto wako shule, na hilo ni jema, sitaki madungu yarudi. Ndege wakizidi wanapuliziwa dawa. Ile kona ya majabali wamepanda alizeti. Nilisimama pale nikiwa na viatu vya msibani, kimya kile, nikangoja, sijui nilingoja nini.

Picha ya Nyemo iko moja tu duniani. Ni ya harusi yangu. Mpiga picha alituambia tutulie, sote tukatulia, baba, mama, Andrea, mimi na mume wangu, sura kama tunasubiri sindano. Nyemo hakusikia kutulia. Pembeni mwa picha pana ukungu mrefu wenye kitambaa. Huyo ndiye dada yangu.

Basi nilipowaeleza watoto haya yote siku ile, chai imeshapoa, Neema akasema, "Bibi, simama utuonyeshe. Tukurekodi."

Mama Zuhura akasema, "Ukivunjika nyonga, Mgogo, mimi sikubebi. Nakwambia mapema."

"Utanibeba."

"Nitakuburuta."

Nikasimama. Sechelela akainua simu. Magoti yangu sikuyaomba ruhusa. Nikatulia katikati ya sebule kama mti, nikawaona wale ndege wanakuja kutoka kwenye miiba, nikainua mkono nishike kitambaa kichwani, na hapo nikakwama.

Mkono upi?

Nikajaribu wa kulia, ukakaa sawa. Nikajaribu wa kushoto, nao ukakaa sawa. Nikafumba macho nimtafute Nyemo, nikamwona, lakini mara yuko shambani ananitazama, kulia kwake kushoto kwangu, mara ni kile kivuli kwenye shuka, hakijulikani kimegeukia wapi. Neema alikuwa anasema bibi endelea, bibi endelea. Nikaendelea kwa mkono wa kulia, nikaenda zangu hatua tatu, nikajikwaa kwa kiasi cha umri wangu, nikageuka kupatazama. Walicheka sana. Swaumu alicheka. Imo kwenye simu. Lakini mimi najua kwamba huenda nimemrekodi Nyemo kinyume, na wajukuu wa wajukuu watakuwa wanajikwaa upande usio wake.

Kwa hiyo naomba. Majina yote niliyoyataja nina hakika nayo, hata la punda wa shangazi ninalo, alikuwa anaitwa Sajini. Kilichonipotea ni mkono tu. Kama ulikuwa mtoto Haneti miaka ile, kama uliamia ndege upande wa majabali au ulikaa mbele uwanjani siku ya gari la sinema, na hasa wewe Raheli binti Chidosa, kama upo, nisahihishe. Miyuji nauliziwa kwa jina la Yohana, watu watakuleta mpaka mlangoni. Ila ukifika usinieleze kwa maneno. Simama hapo kwenye kizingiti unionyeshe.